Equifax, 2017: ufa walioujua wote isipokuwa aliyepaswa kuuziba

Alhamisi ya tarehe 7 Septemba 2017, kampuni ya Equifax yenye makao yake Atlanta, Marekani, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mifumo yake na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 143. Miezi iliyofuata hesabu ilipanda hadi karibu milioni 148. Zilichukuliwa majina, tarehe za kuzaliwa, anwani na namba za hifadhi ya jamii. Kwa baadhi yao zilikwenda pia namba za leseni za udereva, na kwa watu kama 209,000 namba za kadi za benki.

Msomaji wa huku anahitaji kujua kidogo kuhusu hiyo namba ya hifadhi ya jamii. Mmarekani huitaja anapofungua akaunti, anapokopa, anapolipa kodi, na wakati mwingine hata anapopanga nyumba. Nywila ikivuja unaibadilisha jioni ileile. Namba hii kuibadilisha ni kazi ya kusumbuana na serikali, na tarehe ya kuzaliwa haibadiliki kabisa. Kwa hiyo mwizi aliyezipata mwaka 2017 bado anazo, na bado zinafanya kazi.

Jambo la pili la kushika ni kwamba wengi wa hao milioni 148 hawakuwahi kuwa wateja wa Equifax. Kampuni hii ni kile ambacho Kenya na Tanzania tunakiita CRB. Inakusanya kutoka kwa mabenki na wakopeshaji habari za nani alikopa, alilipa lini na alichelewa mara ngapi, kisha inawauzia wakopeshaji wengine. Mteja ni benki. Mwenye jina haulizwi. Duka likikuudhi unahamia duka la jirani, lakini hapa hakuna pa kuhamia, maana hukuwahi kujiunga.

Tunakijua kisa hiki kwa undani kwa sababu Bunge la Marekani lilikichimba. Ofisi ya ukaguzi wa serikali, GAO, ilitoa ripoti yake Agosti 2018, kamati ya Baraza la Wawakilishi ikafuata Desemba mwaka huohuo, na kamati ndogo ya Seneti Machi 2019. Aliyezisoma zote tatu hakuti mdukuzi mwenye maarifa ya kutisha. Anakuta barua pepe, orodha za majina, vikao na tarehe zilizopita.

Mlango wa malalamiko

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo inampa mwananchi haki ya kupinga kilichoandikwa juu yake. Ukidaiwa mkopo ambao hukuuchukua, unaandika malalamiko na kampuni inalazimika kuyachunguza. Equifax ilikuwa na mfumo wa kazi hiyo uitwao ACIS, uliojengwa miaka ya 1970 na baadaye ukawekewa tovuti ili watu walalamike mtandaoni na kupandisha vielelezo vyao. Mfumo mkongwe kiasi hicho huwa na mafundi wachache wanaouelewa, na kila kinachoongezwa kinapachikwa juu ya kilichokuwepo.

Tovuti hiyo ilitumia Apache Struts, programu huria inayotumiwa na makampuni mengi kujengea mifumo ya mtandaoni. Tarehe 7 Machi 2017 wenye Struts walitangaza kasoro na kutoa kiraka chake, yaani marekebisho ya programu ya kuiziba, siku hiyohiyo. Kasoro yenyewe ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Kivinjari kinapotuma kitu kwenye seva, hutanguliza maelezo mafupi ya aina ya kitu hicho: hii ni picha, hii ni fomu. Struts ikipokea maelezo isiyoyaelewa hutengeneza ujumbe wa kosa, na katika kuutengeneza huo ujumbe iliyachukua yale maneno yaliyotumwa na kuyatekeleza kama amri. Mtu yeyote, bila nywila wala akaunti, angeandika amri mahali pa "aina ya faili" na seva ingemtii. Kwenye kipimo cha ukali wa kasoro kinachotumiwa duniani, hii ilipewa 10 kwa 10.

Kesho yake, tarehe 8 Machi, kitengo cha serikali ya Marekani kinachotoa tahadhari za usalama wa kompyuta kiliiarifu Equifax. Tarehe 9 timu ya usalama ya kampuni ilituma barua pepe ya ndani kwa watu zaidi ya 400: mwenye Struts aiwekee kiraka ndani ya saa 48, kama kanuni ya kampuni inavyotaka.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana kisa chote kimo humu. Barua ilikwenda kwa watu zaidi ya 400, na mmoja aliyekosekana kwenye orodha ni yule mhandisi aliyejua kwamba mfumo wake unatumia Struts. Bosi wake alikuwemo. Bosi aliipokea na hakuipeleka mbele. Orodha ilikuwa ya hiari: kujiandikisha au kutojiandikisha ni juu yako. Hakukuwa na aliyetakiwa kujibu "nimepokea, nimefanya," na saa 48 zilipokwisha hakuna aliyesimama kuuliza zimekwishaje.

Timu ya usalama haikukaa tu. Tarehe 15 Machi iliendesha programu ya kutafuta seva zenye kasoro hiyo, na programu haikuona kitu. Ilikuwa imeelekezwa kwenye folda kuu, wakati Struts ilikuwa ndani ya folda ndogo iliyoko chini yake. Na ingewezaje kujua? Kampuni haikuwa na orodha kamili ya programu zake na mahali zilipo. Majibu ya "hakuna tatizo" yalichukuliwa kama ushahidi kwamba tatizo halipo.

Wakati huohuo, tarehe 10 Machi, siku tatu tu baada ya tangazo, watu wasiojulikana walikuwa tayari wameijaribu seva hiyo na kuona kwamba inatii.

Siku 76

Shambulio lenyewe lilianza tarehe 13 Mei. Wadukuzi walipandikiza vijiprogramu vya kuwawezesha kutoa amri kutoka mbali, kisha wakaanza kupekua. Kwenye folda moja ya pamoja walikuta majina ya watumiaji na nywila zimeandikwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. ACIS ilihitaji kanzidata tatu ili ifanye kazi yake. Nywila zile ziliwapeleka kwenye kanzidata 48 nyingine zisizohusiana kabisa na malalamiko, kwa kuwa ndani ya mtandao hakukuwa na vizuizi kati ya mfumo na mfumo. Waliuliza maswali kama 9,000, na 265 kati yake yakarudi na taarifa za watu. Walizikusanya, wakazigawa vipande vidogo, wakazitoa taratibu kupitia njia zilezile za kawaida ambazo tovuti huwasiliana nazo.

Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano hayo. Mawasiliano ya siku hizi husafiri yakiwa yamefumbwa, kwa hiyo kifaa cha namna hiyo huhitaji cheti cha kidijitali ili kiweze kuyafumbua, kuyasoma na kuyaruhusu. Cheti cha kifaa hiki kilikuwa kimekwisha muda. Ripoti ya Baraza la Wawakilishi inasema kilikuwa na miezi 19 tangu kiishe. Na kifaa kilikuwa kimepangwa hivi: kisipoweza kusoma, kiyaache mawasiliano yapite. Ni askari wa getini aliyefungwa kitambaa usoni, anaendelea kumpungia mkono kila gari.

Hakikuwa cheti kimoja. Vyeti zaidi ya 300 vilikuwa vimeisha muda, na 79 kati yake vilihusu ulinzi wa mifumo nyeti ya biashara.

Jioni ya tarehe 29 Julai mafundi walikiweka cheti kipya. Mara moja kifaa kikaanza kuonyesha mawasiliano ya ajabu kwenda na kutoka anwani za China. Tarehe 30 tovuti ya malalamiko ikazimwa, na mkurugenzi mtendaji, Richard Smith, akaarifiwa tarehe 31. Kwa hesabu ya ripoti ya Baraza la Wawakilishi, wageni hao walikuwa wameishi humo ndani siku 76, na ugunduzi ulitokana na kazi ya matengenezo iliyochelewa zaidi ya mwaka na nusu.

Hatari ilikuwa imeandikwa

Ukisikia neno "usimamizi wa vihatarishi" unafikiria jedwali lenye rangi nyekundu, njano na kijani. Equifax haikukosa jedwali. Mwaka 2015 ilijifanyia ukaguzi wake yenyewe na kukuta kasoro zaidi ya 8,500 zilizojulikana ambazo hazijawekewa viraka kwa zaidi ya siku 90. Zaidi ya 1,000 kati yake zilikuwa kwenye mifumo inayofikika kutoka nje. Wakaguzi waliandika kwamba uwekaji wa viraka umeachiwa uaminifu wa kila mtu, kwamba hakuna orodha kamili ya mali za tehama, na kwamba muda uliopangwa haufuatwi. Yote yaliyokuja kutokea mwaka 2017 yamo humo, miaka miwili kabla. Ukaguzi wa marudio kuona kama mambo yamerekebishwa haukufanyika.

Mie nadhani tatizo la kina zaidi lilikuwa kwenye mchoro wa madaraka. Miaka mingi nyuma mkuu wa tehama na mkuu wa usalama hawakuelewana, na suluhu iliyopatikana ilikuwa kuwatenganisha: usalama ukahamishiwa chini ya mkuu wa idara ya sheria. Waliogombana waliondoka, mpangilio ukabaki. Matokeo yake ni kwamba aliyejua hatari hakuwa na amri juu ya seva, na mwenye amri juu ya seva hakuwajibika kwa hatari. Kati yao kulikuwa na kikao cha kila mwezi cha kujadili vitisho vipya, ambacho wakubwa hawakukihudhuria kwa utaratibu. Kasoro ya Struts ilijadiliwa humo mwezi Machi.

Waliokuwa na hali kama yao walifanya vingine. TransUnion na Experian, wenzao wawili kwenye biashara hiyohiyo, walipata tahadhari ileile siku zilezile na wakaishughulikia.

Tarehe 3 Oktoba 2017 Smith, ambaye wiki moja kabla alikuwa amejiuzulu, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge na kueleza kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu: mtu aliyepaswa kufikisha agizo la kiraka hakulifikisha. Siku moja kabla ya ushahidi huo kampuni ilikuwa imemfukuza kazi ofisa mmoja wa ngazi ya juu kwa kutopeleka mbele barua pepe. Ni maelezo mepesi kumeza, na ndiyo maana siyaamini. Kampuni ya thamani ile, yenye taarifa za nusu ya taifa, ikiwa usalama wake unategemea mtu mmoja kubonyeza kitufe cha kutuma mbele, basi aliyeujenga utaratibu huo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Yaliyofuata baada ya tangazo yalikuwa vioja. Equifax ilifungua tovuti mpya yenye jina refu ili watu waangalie kama wameathirika, na mtaalamu mmoja wa programu akatengeneza tovuti ya mfano yenye jina linalofanana ili kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwahadaa watu. Akaunti rasmi ya Twitter ya kampuni ikawaelekeza wananchi kwenye ile ya kuigiza, zaidi ya mara moja. Waliotaka huduma ya bure ya kufuatilia taarifa zao walikuta masharti yanayowazuia kwenda mahakamani, ambayo yaliondolewa baada ya kelele. Mkuu wa tehama wa kitengo kimoja aliuza hisa zake kabla ya tangazo, baada ya kutafuta mtandaoni hisa za Experian zilianguka kiasi gani nao walipodukuliwa. Alifungwa miezi minne.

Sheria ilipofika

Marekani haikuwa na sheria moja ya taifa ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hadi leo haina. Kulikuwa na sheria za majimbo za kutaka watu waarifiwe taarifa zao zikivuja, nyingi bila idadi ya siku iliyo wazi, na kanuni ya usalama kwa taasisi za fedha ambayo haikuipa tume ya biashara, FTC, uwezo wa kutoza faini kwa ukiukaji wa kwanza. Kati ya kugundua na kutangaza Equifax ilitumia siku 40. Julai 2019 yalifikiwa makubaliano na FTC, ofisi ya ulinzi wa wateja wa huduma za fedha na majimbo: dola zisizopungua milioni 575, zikiweza kufika milioni 700. Mwananchi ambaye tayari alikuwa na huduma ya ufuatiliaji angeweza kuchagua fedha taslimu hadi dola 125. Lakini fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31 tu, na ndani ya siku chache FTC yenyewe ikawaomba watu wachague huduma badala ya fedha. Piga hesabu mwenyewe: milioni 31 kwa 125 ni watu 248,000, wakati walioibiwa ni milioni 148.

Februari 2020 wizara ya sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa jeshi la China. Hakuna aliyefikishwa kizimbani.

Upande wa Uingereza ndio unaonivutia kuliko wote. Taarifa za Waingereza karibu milioni 15 zilikuwa kwenye seva za Marekani. Sehemu yake zilitokana na huduma ya kuhakiki utambulisho iliyokuwa imehamishiwa Uingereza mwaka 2016. Huduma ilihama, lakini nakala za Marekani hazikufutwa. Hakuna aliyezihitaji tena, na zilikaa pale hadi wadukuzi walipozikuta. Kampuni tanzu ya London iliambiwa kwamba taarifa za Waingereza zimechukuliwa dakika kama tano kabla ya makao makuu kuutangazia ulimwengu, wakati makao makuu yalikuwa na wiki sita tangu kugundua udukuzi. Kamishna wa taarifa wa Uingereza alitoza pauni 500,000 mwaka 2018. Ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa chini ya sheria ya 1998, kwani kosa lilitokea kabla kanuni mpya za Ulaya, GDPR, hazijaanza kutumika Mei 2018. Chini ya GDPR kikomo ni asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na kwa mapato ya Equifax ya 2017, dola bilioni 3.36, hiyo ni zaidi ya dola milioni 134. Mwaka 2023 mamlaka ya huduma za fedha ya Uingereza iliongeza faini yake ya pauni milioni 11.

Kwetu sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Kwenye karatasi, Kenya ingeishika Equifax vizuri katika mambo mawili. Kamishna anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mwenye data ajue kwamba imevuja na watu wanaweza kudhurika, na data isiyohitajika tena haitakiwi kuendelea kuhifadhiwa. Zile nakala za Waingereza zilizosahaulika Marekani zingekuwa kosa hata kama hakuna mdukuzi aliyezigusa.

Faini ndiyo inayonitia shaka. Kifungu cha 63 cha sheria ya Kenya kinaweka kikomo cha shilingi milioni 5, au kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. GDPR inasema kilicho kikubwa. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 100 kikomo chake ni milioni 1, sawasawa na asilimia yake 1. Yenye mapato ya bilioni 10 kikomo chake ni milioni 5, ambayo ni asilimia 0.05. Kadiri unavyokusanya majina mengi na kuvuna zaidi, ndivyo adhabu inavyokuwa nyepesi kwako. Mwathirika anaweza kudai fidia mwenyewe, lakini hiyo ni safari ya mtu mmoja mmoja, na mtu asiyejua kwamba jina lake limo kwenye mfumo fulani hawezi hata kuianza.

Kwenye makubaliano ya FTC ya 2019 kuna kifungu ambacho magazeti yalikipita haraka yakikimbilia dola. Kinaitaka Equifax iteue mtu wa kusimamia mpango wa usalama, na kila mwaka bodi ya wakurugenzi, au kamati yake, ithibitishe kwa maandishi kwamba mpango huo unafuatwa. Na kila baada ya miaka miwili mkaguzi wa nje aupime, kwa miaka 20. Yale mambo ya 2015 yangefika mezani kwa mtu mwenye uwezo wa kuzima seva, na jina lake lingekuwa chini ya karatasi. Sheria ya Kenya, kifungu cha 24, inasema mwenye data anaweza kumteua afisa wa ulinzi wa data. Imeandikwa "anaweza."